Nusu Kichwa

Sijui alizaliwa wapi wala mwaka gani, na sikuwahi kumuuliza. Nilimjua akiwa tayari ni Kinyozi, na jina hilo lilimtosha mji mzima wa Isiolo. Ukisema unaenda kwa Kinyozi, hakuna aliyekuuliza yupi, ingawa kwenye barabara ile ile kulikuwa na vinyozi wengine wanne wenye vioo vipana na muziki wa kupasua masikio. Yeye hakuwa na muziki. Alikuwa na kiti kimoja cha chuma kinachozunguka, mabenchi mawili, kioo chenye ufa, na katoni ya vitabu vya katuni iliyokaa juu ya kabati, mahali ambapo mtu mwingine angeweka redio.

Nianze na jambo ambalo ungeliona hata bila kuambiwa, tukikutana. Nina kovu juu ya sikio la kushoto, refu kama kidole cha mtoto, na nywele hazioti hapo. Kovu hilo alinipa yeye kwa wembe, mchana kweupe, mbele ya watu, nikiwa na miaka kumi na tisa. Kwa miaka kumi na minne nilitaka kujua kitu kimoja tu juu yake: alikusudia, au hakukusudia? Haya yote ninayoyasimulia, mazuri yake na mabaya yake, nimeyakusanya kwa sababu ya swali hilo.

Katoni ile ilitokea kwenye belo la mitumba. Binamu yake aliyeuza nguo sokoni alifungua belo akakuta vitabu thelathini na kitu vimejibana katikati ya jaketi za watoto, vyote vya Kiingereza, vyote vya mashujaa wa kuruka na kupigana. Alitaka kuwapa wauza njugu wafungie. Kinyozi akavichukua vyote. Alivishika kwa mikono iliyonawa, na ukurasa ukichanika aliubandika kwa uji wa unga wa ngano, akaukandamiza chini ya jiwe la kunolea mpaka ukauke. Kuna dereva wa lori aliyewahi kukunja ukurasa ili asipoteze mahali. Kinyozi hakumsalimia mwezi mzima, na alimnyoa mara mbili ndani ya mwezi huo bila neno.

Majina ya Kiingereza ya mashujaa hao yalikuwa marefu na hatukuyajali, tuliwapa yetu. Kulikuwa na Ngurumo, ambaye akipiga makofi ghorofa linaporomoka. Kulikuwa na Mama Kioo, ambaye kila alichokigusa kiligeuka kioo, hata adui, hata risasi. Na kulikuwa na Mchukuzi. Huyu hakuruka, hakurusha moto, na hata ngumi zake zilikuwa za kawaida. Nguvu yake ilikuwa moja: hakuchoka. Walikuwapo wengine kumi hivi, lakini hao watatu ndio waliogombanisha watu. Nani ana nguvu kuliko wote? Ukiniambia leo kwamba watu wazima, wenye watoto na mifugo, akiwamo askari jela mmoja na mwalimu wa Kemia, waligombana miaka kwa swali hilo, nitakuambia mimi nilikuwapo. Mimi nilikuwa wa Mchukuzi. Nilikuwa wa Mchukuzi peke yangu, na nilijivunia hilo.

Sheria ya pale ilikuwa hii: anayesema ni aliye kwenye kiti. Ukitaka kumtetea shujaa wako, unyolewe. Ukishafungwa kile kitambaa shingoni, hakuna mtu wa kukukatiza, awe mzee, awe mtumishi wa serikali, awe nani. Kinyozi akimaliza kichwa chako, zamu yako imekwisha hata kama ulikuwa katikati ya neno. Ndiyo sababu kila mtu aliutazama mkono wake. Hoja ikimpendeza, alikwenda polepole, akarudia kisogo, akatafuta unywele mmoja nyuma ya sikio kama mtu aliyepoteza sindano. Hoja ikimchosha, ulijikuta umepakwa poda na kusimamishwa kabla hujamtaja shujaa wako. Mwalimu wa Kemia aliwahi kunyolewa kwa dakika tatu, akaondoka na mistari kichwani kama mifereji ya mashamba ya Rapsu.

Na ilikuwa lazima uwe na ushahidi. "Onyesha ukurasa," alikuwa akisema. Ukidai Mama Kioo alimshinda Ngurumo, utaje kitabu, Kinyozi akipande kiti cha plastiki, akitoe kwenye katoni, ukishike mapajani huku unanyolewa. Alikuwa mkali sana juu ya hilo kwa mtu asiyejua kusoma Kiingereza. Hakulificha. "Maneno ni ya nyinyi mlienda shule," alisema. "Mimi naangalia picha." Aliyekuwa kwenye kiti ndiye aliyemsomea maneno na kumfasiria, na mwingine akidakia kutoka kwenye benchi alinyamazishwa kwa mpini wa wembe ulionyooshwa tu, bila kelele.

Yeye mwenyewe hakuwa na upande. Tulimchokoza kwa kila njia. Tulimnunulia chai, tulimtegea maswali. "Mimi nashika wembe," alijibu. "Nikichukua upande, nani atakaa hapa?" Na hakuna aliyewahi kumwona kwenye kile kiti. Alijinyoa mwenyewe asubuhi kabla ya kufungua, kwa hiyo zamu yake haikufika hata siku moja.

Mabishano yakiwa makali kupita kiasi, alikuwa na dawa yake, nayo ndiyo iliyompa sifa mpaka Oldonyiro. Alisimamisha wembe katikati ya utosi, akakufungua kitambaa, akasema, "Toka. Nusu." Unatoka na kichwa kimeenda nusu, upande mmoja unang'aa, upande mwingine msitu. Anaingia mpinzani wako, naye ananyolewa nusu. Sasa wote wawili hamwezi kutoka nje, maana mtoto gani wa Isiolo angekuacha upite na kichwa kile? Mnakaa benchi moja mpaka mpoe. Mutuma, mfanyabiashara wa nafaka kutoka Meru, aliwahi kukaa na nusu kichwa tangu saa nne mpaka saa nane huku wateja wake wakimwita dirishani, na yeye akijificha kwa gazeti. Alitoka pale amekubali kwamba Mama Kioo hawezi kugeuza maji kuwa kioo. Alirudi kesho yake akiwa amebadili mawazo.

Sasa nitaje mambo ambayo hayakuwa yakipatana ndani yake, kwa sababu hayo ndiyo yaliyonisumbua baadaye. Alimpokea kila mtu kwa neno moja la Kiborana la amani, "Nagaa," na hukukaa kabla hujalijibu kwa hilo hilo. Lakini alikuwa na hasira ya karibu. Niliwahi kumwona akirusha brashi ukutani kwa sababu mtu alipiga mluzi. Alipenda viatu vyake kuliko kiatu kinavyostahili kupendwa, akavifunika kwa karatasi za nailoni nywele zisivifikie. Alishika wembe kutwa kwenye shingo za watu, lakini damu ilimshinda. Siku ya Idd jirani ndiye aliyemchinjia mbuzi, yeye akiwa amesimama nyuma ya nyumba ameangalia ua. Na katika miaka sita niliyokwenda kwake sikuwahi kumwona akimkata mtu, hata kidogo, hata stima ikiwa imepotea na anafanya kazi kwa mwanga wa mlango.

Miaka sita, na mara moja.

Mwaka ule malisho yalikuwa mabaya. Watu waliingiza mifugo mahali pasipo pao, kisha ng'ombe wakachukuliwa upande wa Biliqo, na mpwa wa Kinyozi, mtoto wa dada yake, akauawa akiwa na kundi. Nani alifanya haikujulikana wakati ule, na haijajulikana mpaka leo. Lakini mji ulikuwa umeshaamua. Kinyozi ni Mborana. Mimi ni Mturkana. Mji uliamua kwamba ni watu wangu.

Siku ya tatu baada ya mazishi alifungua kazi. Halkano alinipigia simu. Halkano, naye Mborana, alikuwa rafiki yangu tangu darasa la pili, tulikaa dawati moja, na kwa Kinyozi alikuwa mpinzani wangu mkubwa, yeye na Ngurumo wake. Marehemu alikuwa mchezaji mwenzake wa mpira. Sauti yake haikuwa ile niliyoizoea. "Usipokuja leo watasema unajificha," aliniambia. "Na mtu anajificha kama anajua kitu."

Mama yangu alisimama mlangoni. "Kaa hapa nyumbani, Ekiru. Huyo mtu ako na msiba na ako na wembe. Unaenda kutafuta nini huko?"

Nilimwambia naenda kutoa pole. Ilikuwa kweli, na nilikuwa naogopa. Nilikwenda kwa sababu niliona nisipokwenda siku ile sitakwenda tena, na pale ndipo mahali pekee mjini ambapo nilikuwa mtu wa Mchukuzi kabla sijawa mtu wa kabila.

Nilikuta watu saba kwenye mabenchi na Halkano kwenye kiti. Hakuna aliyeshika kitabu. Nilisimama mlangoni nikasema, "Habari ya leo, mzee. Pole sana kwa msiba." Kinyozi aliniangalia kwenye kioo. Akasema, "Nagaa," akangoja. Nikajibu, "Nagaa." Akaonyesha benchi kwa kidevu.

Stima ilikuwa imepotea tangu alfajiri, kwa hiyo mashine ilikuwa imelala na kichwa kizima alikinyoa kwa wembe. Halkano alikuwa akiendelea.

"Mimi nasema ni Ngurumo. Kwa nini? Kwa sababu Ngurumo hangoji. Kuna mtu hapa husema ati Mchukuzi hachoki. Sawa, hachoki. Lakini hata mtu hachoki anazikwa, ama? Na Ngurumo akijua nyumba ya adui, hakai akiuliza maswali. Anaenda. Na sisi tunajua nyumba."

Alisema "sisi". Mtu mmoja kwenye benchi akasema, "Kweli kabisa," na Kinyozi hakumnyooshea mpini. Hapo ndipo niliposikia baridi. Nilitazama mkono wake. Ulikuwa ukienda polepole. Ulirudia kisogo cha Halkano mara mbili, polepole, namna ulivyokwenda hoja ilipompendeza, na kila mtu mle ndani aliujua mkono ule.

Kisha ukasimama katikati ya utosi. Akafungua kitambaa. "Toka," alimwambia Halkano. "Nusu." Hakuna aliyecheka. Akakung'uta nywele, akageuza kiti kikanielekea. "Ekiru. Kaa."

Ningeweza kuondoka. Mlango ulikuwa wazi, hatua nne. Lakini kuondoka kungekuwa kukiri, na watu saba na Halkano walikuwa wakingoja waone. Nikakaa. Alinifunga kitambaa, akapaka maji na sabuni. Akachukua wembe mpya, akauvunja katikati kama kawaida yake, akaufunga nusu kwenye mpini. Nilimwomba kitabu. Alipanda kiti cha plastiki akanitolea, akakiweka mapajani pangu, akaanza upande wa kushoto.

Nilisema, "Halkano amesema Ngurumo hangoji. Mimi naonyesha ukurasa." Nikafungua mahali pa daraja. Kuna mafuriko, daraja limekatika nguzo, na mji mzima uko upande mbaya wa mto. Mchukuzi anaingia chini, analibeba mabegani, watu wanaanza kupita na vitanda na mbuzi na wazee. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Siku ya tatu anafika Ngurumo, na badala ya kusaidia anampiga mgongoni, makofi yale ya kuangusha maghorofa, kwa sababu wana ugomvi wao wa zamani. Picha tatu nzima ni za kipigo. Mchukuzi hasogei, kwa sababu akisogea watu watakufa. Kwenye picha ya nne anageuza kichwa, anamwangalia Ngurumo, na kuna maneno machache juu ya mdomo wake.

Nilikuwa nimeona kwenye kioo kwamba hata Halkano ameinamisha kichwa anasikiliza. Nikasema, "Na hapo Mchukuzi anamwambia—"

Nilisikia joto kabla ya uchungu. Kisha damu ikaingia sikioni, ikashuka shingoni, ikadondoka kwenye ukurasa. Nilitazama kioo. Mtu yule asiyeweza kuangalia mbuzi akichinjwa hakugeuza uso. Alikuwa ananitazama machoni, wembe ukiwa juu hewani, na hakusema pole.

Nikainuka na kile kitambaa shingoni, nikatoka. Nilipita sokoni, nikapita stendi, kichwa nusu kinang'aa na damu, nusu msitu. Watoto walianza kucheka wakaacha. Sijawahi kuona aibu kama ile, na sikukimbia. Jioni mama yangu alinipandisha lori tupu lililokuwa likirudi Oldonyiro kuchukua mbuzi, nikaenda kukaa kwa mjomba.

Huko ndiko nilikokuwa mtu mzima. Nilipata kazi ya kuchanja mifugo, nikaoa, nikapata watoto. Sikukaa tena kwenye kiti cha kinyozi. Mke wangu hunikata nywele kwa mkasi wa kushonea, vibaya, na mimi nanyamaza. Watoto wakiuliza kovu, ni mbuzi alinipiga pembe. Lakini nikiwa peke yangu njiani na sanduku la chanjo nilikuwa nikiendesha kesi, na kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha kubisha, niliiendesha kwa kurasa. Ukurasa wa kwanza: mkono wake ulikwenda polepole Halkano aliposema "tunajua nyumba". Alikusudia. Ukurasa wa pili: damu ilimshinda maisha yake yote. Hakukusudia. Ukurasa wa tatu: siku ile hakugeuza uso, hakusema pole. Alikusudia. Kisha Mutuma, mmoja wa wale saba wa siku ile, niliyekutana naye kwenye soko la mifugo miaka miwili baadaye, akanipa ukurasa wa nne. Aliniambia nilipotoka tu, Halkano na wengine wawili waliinuka kunifuata. Kinyozi akatoka mbele yao, akawafungia mlango kwa kufuli kutoka nje, akakaa kizingitini na viatu vyake vizuri vumbini. Waligonga, walimtukana, walimwita msaliti wa damu ya dada yake. Hakufungua mpaka adhana ya magharibi. Wakati huo lori langu lilikuwa limeshaondoka.

Basi kesi ikakwama hapo. Usiniulize kama nilimchukia. Nilimchukia, na nilimkumbuka, na mara nyingine yote mawili ndani ya siku moja.

Mwaka jana binti yake, Qabale, alipata nambari yangu. Alijitambulisha, akanijulia hali, kisha akasema, "Mzee amekuwa mgonjwa. Anakuita. Anasema zamu yako haijaisha."

Nilikasirika mpaka nikakata simu. Zamu! Baada ya miaka kumi na minne mtu anakuletea sheria zake za kiti. Nilikaa wiki mbili. Kisha nikamwambia mke wangu kuna dawa ya kuchukua Isiolo, nikapanda gari asubuhi.

Alikuwa nyumbani kwake, barazani. Kile kiti cha chuma kilikuwa pale, na ile katoni ilikuwa chini kando yake, imefungwa kamba ya mkonge. Ugonjwa wake ulikuwa wa kutetemeka. Mikono yote miwili ilikuwa ikicheza mapajani bila ya yeye kuitaka. Viatu vilikuwa vimeng'arishwa. Kilichonishtua ni nywele. Zilikuwa nyeupe, zimeshuka mpaka masikioni. Mtu niliyemjua hajawahi kuonekana na unywele.

"Nagaa," alisema, akangoja.

Nilichukua muda wangu. "Nagaa."

"Mkono imenikataa, unaona. Na sitaki mtu mwingine anishike kichwa." Akajikokota mpaka kwenye kiti, Qabale akamsaidia kupanda. "Ninyoe. Kwa wembe, sio mashine. Leo mimi ndio niko kwa kiti."

Nilielewa. Qabale pia alielewa, nadhani, kwa sababu aliniletea beseni na wembe kisha akasimama mlangoni akiwa amekunja mikono, wala hakuondoka. Niliuvunja wembe katikati kama alivyokuwa akifanya. Mikono yangu imezoea kushika ndama, haikutetemeka. Nilimfunga kitambaa, nikapaka sabuni, nikaanza kisogoni, mahali ambapo ngozi ya mzee ni nyembamba kama karatasi na mshipa unaonekana ukipiga.

"Mlikuwa mnaniuliza nani ako na nguvu kushinda wote," alianza. "Miaka yote hiyo. Mimi nilikuwa wa Ngurumo. Tangu siku ya kwanza. Nilikuwa napenda vile anapiga."

Nikaendelea kunyoa.

"Ile siku, Halkano alikuwa anasema maneno yangu. Yale nilikuwa nasema ndani ya roho tangu tumzike kijana. Ndio maana mkono ilienda pole. Wewe uliona, si uliona?"

"Niliona, mzee."

"Nikamtoa, kwa sababu nilikuwa nataka aendelee, na nikaogopa. Halafu wewe ukakaa. Ukasema maneno yako mazuri, na mimi nikaona shingo yako." Kifua chake kilipanda na kushuka. "Nilitaka, Ekiru. Haikuwa muda mrefu. Ni kama vile mtu anavuta pumzi. Nilitaka hapa." Mkono wake unaotetemeka ukatoka chini ya kitambaa, ukajigusa shingo, chini ya sikio. "Halafu nikakataa. Nikavuta mkono juu na nguvu, na wembe ikapita hapo juu. Hiyo ndio ilifanyika. Sina ingine."

Wembe wangu ulikuwa kando ya shingo yake, pale pale alipokuwa amepaonyesha. Nitasema ukweli: nilikasirika kuliko siku niliyokatwa. Nilikuwa nimejiandaa miaka kumi na minne kwa ndiyo au kwa hapana, na mzee huyu ananipa zote mbili pamoja kana kwamba ni kitu cha kawaida. Niliinua wembe, nikaufuta kwenye kitambaa, nikaufuta tena.

"Kwa nini hukusema hata pole?"

"Ningefungua mdomo wangu mbele ya wale watu, ingetoka yote. Na wangekufuata."

Nikamaliza kichwa. Sikuharakisha wala sikuchelewesha. Sikujua ningetaka mkono wangu useme nini. Nilimpaka poda, nikamfungua. Alijipapasa utosi, akaridhika, akamwita Qabale amshushe. Kisha akanielekeza kiti kwa kidevu, kama zamani.

"Sasa wewe. Nilikuacha nusu."

"Mzee, hapana," Qabale alisema. "Na hiyo mikono?"

Alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye wembe. Ulikuwa ukicheza mezani, ukigonga beseni. Nilikitazama kile kiti. Hatua nne, tena. Nikakaa, lakini nikamwambia, "Mashine, mzee. Mimi si Mchukuzi."

Alicheka, na kicheko kilikuwa kile kile. Qabale alichomeka mashine kwenye stima. Mzee alisimama nyuma yangu, akaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto ili utulie, na baridi ya kile chuma ikagusa upande wa kulia wa kichwa changu, ule aliokuwa hajaufikia.

"Fungua hiyo katoni," alimwambia binti yake. Qabale alikata kamba kwa kisu cha jikoni. Kitabu cha daraja kilikuwa juu ya vingine vyote. Damu yangu kwenye ukurasa ilikuwa imegeuka rangi ya chai.

"Ulikuwa umefika kwa daraja," alisema Kinyozi. "Siku ya tatu. Jamaa amegeuza kichwa, anaangalia Ngurumo. Anasema nini?"

Niligeuka kumtazama. "Mzee, hujui? Qabale amesoma. Si angekusomea?"

"Qabale hakuwa kwa kiti. Ilikuwa zamu yako." Mashine ilikuwa ikinguruma hewani. "Nimeangalia hiyo picha mpaka nimechoka. Nilifunga katoni nisiione tena. Naona mdomo iko wazi. Nikasema labda anamtukana. Labda anaomba. Anasema nini?"

Sikuhitaji kusoma. Nilikuwa nimeyabeba maneno yale, mawili ya Kiingereza, tangu Isiolo mpaka Oldonyiro na kurudi.

"Anamwambia, 'Pita na wewe.'"

Kwenye kioo cha mkononi alichokishika Qabale niliona amegeuza uso, ameangalia ua, kama siku ya Idd. Kisha mashine ikarudi kichwani kwangu. Ilipita juu ya sikio, ikarudi, ikapita tena mahali palipokuwa pameshakwisha, ikatafuta unywele mmoja nyuma ya shingo. Ilikuwa saa nne na nusu tulipoanza. Nusu kichwa ile ilimchukua mpaka adhana ya adhuhuri.